Daftari la wiki sita: kufuatilia dalili unapobadilishiwa dozi ya thairoidi

Dozi ya levothairoksini, dawa inayochukua nafasi ya homoni ya tezi ya thairoidi, ikipandishwa leo, mwili hauipokei yote leo. Dawa hii hukaa sana katika damu: nusu yake huondoka baada ya siku 7 hivi, nusu ya iliyobaki huondoka baada ya siku 7 nyingine, na kuendelea hivyo. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoongoza upandaji wake. Tuseme ulikuwa unameza mikrogramu 75 na sasa umeandikiwa 100. Wiki ya kwanza ikiisha, mwili umeona nusu tu ya ile nyongeza ya 25. Wiki ya pili umeona robo tatu. Mwisho wa wiki ya tano ndipo asilimia 97 ya nyongeza inakuwa imetulia mahali pake. Mtu aliyekaa muda mrefu na upungufu mkubwa wa homoni huitumia dawa polepole zaidi, siku 9 au 10 kwa kila nusu, kwa hiyo kwake safari hii ni ndefu kuliko hapo.

Kisha kuna TSH. Hii ni homoni inayotoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi ifanye kazi. T4, yaani homoni ya thairoidi ambayo kidonge chako kinaileta, ikipungua, TSH hupanda. T4 ikizidi, TSH hushuka. Lakini pituitari nayo ina mwendo wake, na hukawia nyuma ya T4. Ndiyo sababu unaambiwa urudi kupima baada ya wiki 6 hadi 8. Ukipima wiki ya tatu utapata namba ya mwili ulio njiani, na dozi ikibadilishwa kwa namba hiyo, unaanza kufukuza kivuli: unaongeza kabla nyongeza ya kwanza haijamaliza kazi, wiki kadhaa baadaye moyo unaenda mbio, unapunguza, uchovu unarudi, na miezi 6 inapita bila dozi yoyote kupewa muda wake.

Tatizo ni kwamba wiki 6 ni nyingi kwa mtu anayeumwa, na kumbukumbu ya binadamu ni dhaifu. Siku ya kliniki utaeleza ulivyojisikia juzi na jana. Ukiamka vibaya asubuhi hiyo, wiki 6 zote zitasimuliwa kama mbaya. Ninachosisitiza hapa ni jambo moja: andika kila siku mambo machache yanayopimika, kwa namna ileile, tangu kabla ya dozi mpya hadi siku ya kutoa damu. Dakika 3 kwa siku zinatosha.

Andika nini

Usiorodheshe dalili zote unazozijua. Mtu anayeanza na safu 20 hulitupa daftari kabla wiki ya pili haijaisha. Hizi zinatosha: mapigo ya moyo, saa za usingizi, choo, baridi au joto, nguvu, saa uliyomeza kidonge na saa uliyokula. Uzito andika mara moja kwa wiki. Mwanamke aongeze siku ya kuanza hedhi na kama damu ilikuwa nyingi kuliko kawaida. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo aongeze na presha.

Mapigo ya moyo ndiyo safu yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu hayategemei hisia. Yapime ukiamka, kabla hujashuka kitandani, kabla ya kahawa na kabla ya kusoma ujumbe wa simu. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Usitumie kidole gumba kupimia, maana kina mapigo yake na utajihesabu mara mbili. Hesabu sekunde 60 nzima. Wengi huhesabu 15 na kuzidisha mara 4, lakini ukikosea pigo moja umekosea manne, na wakati huohuo hutasikia kama mapigo yanarukaruka. Mbali na idadi, andika neno moja: "sawa" au "hayalingani".

Nguvu ni hisia, kwa hiyo ipe mizani kabla ya kuanza. Kwenye jalada la daftari andika 0 ni nini kwako na 10 ni nini. Kwa mfano 2 ni kuoga kisha kulazimika kulala, 5 ni kumaliza kazi za lazima na kushindwa mengine, 8 ni kufika jioni ukiwa bado unaweza kutembea nusu saa. Bila maelezo hayo, 5 ya wiki ya kwanza na 5 ya wiki ya sita ni vitu viwili tofauti. Toa alama saa ileile kila siku, na funika ya jana kabla ya kuandika ya leo. Jicho likiiona jana, mkono huifuata.

Kwa baridi na joto, andika tendo badala ya hisia: ulivaa sweta wenzako wakiwa na mashati? Ulitupa shuka usiku kwa jasho? Kwa choo, idadi tu, na neno "kigumu" au "laini". Uzito upime siku ileile ya wiki, asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya kula, kwa mizani ileile.

Jambo ambalo watu wengi hulikosa ni siku za kabla. Ukipata dozi mpya leo na hali yako si ya dharura, muulize daktari kama unaweza kuandika siku 3 hadi 5 kwa dozi ya zamani kwanza. Asipokubali, anza leo hivyohivyo. Siku 3 za mwanzo dozi mpya bado ni kidogo sana mwilini, zitakufaa kama msingi wa kulinganishia.

Mstari wa siku moja unaweza kusomeka hivi: "Siku ya 16. Mapigo 66, sawa. Usingizi saa 6, niliamka mara 2. Choo 1, kigumu. Sweta ndiyo. Nguvu 4. Kidonge saa 12:10, chakula saa 1:15." Haihitaji zaidi ya hapo.

Kila dalili na saa yake

Dalili haziondoki pamoja, na kutolijua hili ndiko kunakowafanya watu waone dawa haifanyi kazi. Mapigo na uvimbe wa uso, hasa kope za asubuhi, hutangulia. Mara nyingi wiki ya pili au ya tatu tayari kuna tofauti. Uzito unaoshuka mapema ni maji na chumvi vilivyokuwa vimezuiliwa mwilini. Katika upungufu wa kawaida ni kilo 2 hadi 5 hivi, na baada ya hapo homoni haitakupunguza zaidi. Anayeendelea kudai dozi ipandishwe ili apungue anauomba moyo wake ulipie mafuta.

Choo na baridi hufuata. Uchovu huchelewa, na hautoki kwa mstari ulionyooka: utapata siku 3 nzuri, kisha 2 mbaya, kisha 4 nzuri. Ukiangalia wastani wa wiki ndipo unaona kilima. Ndiyo maana kila Jumamosi jumlisha alama 7 za nguvu, gawanya kwa 7, uandike wastani pembeni. Wastani ukitoka 3.6 hadi 4.4 hadi 5.1, dozi inafanya kazi hata kama leo umeamka hoi.

Misuli inayouma, sauti nzito, ngozi kavu na akili nzito huomba miezi. Nywele ndizo za mwisho kabisa. Unywele ulioingia katika mapumziko leo hudondoka miezi 2 au 3 baadaye, kwa hiyo nywele unazozikuta kwenye kitana mwezi wa pili wa dozi mpya zinasimulia habari ya kabla ya dozi hiyo. Usiilaumu dozi kwa nywele kabla ya mwezi wa sita.

Sasa upande wa pili. Dozi ikizidi utaona mapigo ya asubuhi yakipanda wiki baada ya wiki, jasho, mikono kutetemeka, choo laini mara nyingi, usingizi unaokatika, hasira za haraka, uzito unaoshuka huku hamu ya kula ipo. Kutetemeka kunapimika: nyoosha mikono mbele, tanua vidole, mtu akuwekee karatasi nyepesi juu yake. Ukingo wa karatasi ukichezacheza, andika.

Ugumu ni kwamba baadhi ya dalili hukaa pande zote mbili. Uchovu huja homoni ikipungua, na huja ikizidi kwa sababu hulali. Nywele hudondoka pande zote. Wasiwasi pia. Kwa hiyo dalili moja haitoshi kusema dozi ni kubwa au ndogo. Tafuta angalau tatu zinazoelekea upande mmoja kwa wiki 2 mfululizo, na mapigo yakiwa mojawapo. Uchovu pamoja na mapigo 58, choo kigumu na sweta unaelekea kwenye upungufu. Uchovu pamoja na mapigo 94, jasho na choo mara 4 ni habari nyingine kabisa. Anayetumia dawa za kundi la propranololi, zinazopunguza kasi ya moyo, ajue kwamba hizo huficha mapigo na kutetemeka. Kwake safu za usingizi, joto na choo ndizo za kuangalia.

Na mapigo yanayokwenda kasi siku ya tatu au ya nne? Hutokea, hasa kwa mtu ambaye mwili wake ulizoea mwendo wa polepole. Kama ni mepesi, hayana maumivu ya kifua na yanapoa yenyewe, andika na uendelee. Mara nyingi hutulia ndani ya wiki 2 au 3. Yakizidi kupanda, piga simu kliniki kabla ya tarehe yako. Usiache dawa kimyakimya, maana siku ya kipimo TSH itakuwa inaeleza dozi ambayo hakuna anayejua ni ipi.

Kabla ya kuilaumu dozi

Ukiona wiki ya tano hakuna kilichosogea, rudi kwenye safu ya saa. Levothairoksini hufyonzwa vibaya ikikutana na chakula. Imeze kwa maji matupu, tumbo likiwa wazi, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Kahawa huipunguza, hata ile isiyo na maziwa, kwa hiyo nayo isubiri muda huohuo. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu viwe mbali kwa saa 4, pamoja na dawa za kiungulia zenye aluminiamu. Hivi huishika dawa tumboni na kutoka nayo. Omeprazoli na jamii yake hufanya kazi kwa njia nyingine: hupunguza asidi ambayo kidonge kinaihitaji ili kiyeyuke, kwa hiyo kutenganisha saa hakusaidii sana, ila daktari lazima ajue umeanza au umeacha lini. Soya nyingi nayo huhesabika.

Wanaoshindwa kusubiri asubuhi wanaweza kumeza usiku, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho. Inafanya kazi vizuri. Kinachoharibu ni kuchanganya: wiki hii asubuhi, ijayo usiku, Jumapili pamoja na chai. Chagua njia moja na uishike mpaka kipimo kipite, hata kama unagundua katikati kwamba ile nyingine ingekuwa bora.

Vidonge ulivyosahau viandike kwa ukweli. Ukisahau asubuhi na ukakumbuka siku hiyohiyo, meza utakapokuwa na tumbo wazi. Kesho endelea kama kawaida bila kumeza viwili, isipokuwa daktari wako amekuelekeza vingine. Kidonge kimoja kati ya vinavyokaa wiki nzima mwilini hakibadilishi mengi. Kusahau viwili kila wiki kunabadilisha: mtu wa mikrogramu 100 anakuwa wa 71 kwa wastani, na dozi itapandishwa kwa kosa lisilo lake. Baya zaidi ni kumeza kwa bidii wiki ya mwisho kabla ya kipimo. Maabara itaonyesha T4 nzuri, pengine ya juu, huku TSH bado ikiwa juu, na daktari mzoefu ataufahamu mchoro huo mara moja. Asiye mzoefu ataongeza dozi.

Soma pia lebo kwa makini. Baadhi ya pakiti huandika miligramu: 0.025 ni mikrogramu 25, 0.05 ni 50, 0.1 ni 100. Nukta ikisomwa vibaya, dozi inakuwa mara 10. Ukiandikiwa 112.5 na hakuna kidonge chake, daktari anaweza kukupa 100 siku moja na 125 siku inayofuata; kwa kuwa dawa hukaa wiki nzima, mwili unaona wastani tu. Tia alama kwenye daftari leo ni siku ya ipi.

Siku ya damu

Nenda asubuhi, saa ileile kama mara iliyopita, maabara ileile ikiwezekana. TSH hupanda usiku na kushuka mchana, kwa hiyo kipimo cha saa 2 asubuhi na cha saa 9 alasiri huweza kutofautiana bila kitu kubadilika. Kidonge cha siku hiyo kimeze baada ya kutolewa damu, kwa sababu T4 hupanda kwa saa kadhaa baada ya kumeza na itakupa namba ya kuvutia isiyokuwa ya kweli.

Acha biotini siku 2 au zaidi kabla. Hii ni vitamini iliyomo kwenye vidonge vingi vya nywele na kucha, na wagonjwa wa thairoidi huinunua sana kwa sababu ya nywele hizohizo. Haidhuru tezi, lakini huvuruga mashine nyingi za kupimia: TSH husomeka chini kuliko ilivyo na T4 juu kuliko ilivyo. Matokeo yanasema homoni imezidi wakati mtu anatetemeka kwa baridi. Ukiumwa homa kali wiki hiyo, ahirisha, isipokuwa umeambiwa ni haraka. Ugonjwa wowote mkali huzichezea namba hizi.

Ukipewa majibu, usome ukubwa wa badiliko kabla ya kuogopa. Kwa watu wazima wengi maabara huweka TSH kati ya 0.4 na 4.0 hivi, na kwa wazee kikomo cha juu husogea. TSH ni kipaza sauti: T4 ikipungua kwa nusu, TSH huweza kupanda karibu mara 100. Kwa hiyo kutoka 1.8 hadi 2.9 si msiba, na mara nyingi ni kupanda na kushuka kwa kawaida. Kutoka 2 hadi 9 ni ujumbe. Chini ya 0.1 kwa muda mrefu ni ujumbe pia, hata kama unajisikia vizuri, kwa sababu hapo ndipo moyo huanza kupiga ovyo na mifupa kupoteza madini, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi na kwa wazee. Wapo wanaoshushiwa TSH kwa makusudi baada ya saratani ya thairoidi; lengo lao ni lao, wasilinganishe na la jirani.

Kama tatizo lako lilianzia kwenye pituitari yenyewe, iliyofanyiwa upasuaji au kuumia, TSH haikuhusu. Inaweza kusomeka nzuri huku unazama. Kwako hutazamwa T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu, na daftari lako lina uzito mara mbili.

Wenye mwendo tofauti

Dozi kamili kwa mtu mzima ambaye tezi yake haitoi kitu ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, yaani 112 kwa mtu wa kilo 70. Mzee, au mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, haanzii hapo. Huanzia 12.5 au 25 na kupandishwa kidogokidogo, kwa sababu homoni huufanya moyo udai oksijeni zaidi kabla mishipa haijaweza kuileta. Kwake safu ya kwanza ya daftari iwe kifua: maumivu au pumzi kukata akipanda ngazi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe damu kuganda mapema, maana homoni ikipanda, warfarini hupata nguvu. Mwenye kisukari atazame sukari. Mahitaji ya insulini huweza kuongezeka.

Mjamzito hasubiri wiki 6. Mahitaji hupanda tangu wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi kwa robo hadi nusu ya dozi, na mtoto hutegemea homoni ya mama kabla tezi yake haijaanza kazi. Anayepanga kushika mimba aombe maelekezo mapema. Utaratibu unaotumika sana ni kuongeza vidonge 2 kwa wiki mara tu mimba inapothibitika, yaani 9 badala ya 7, kisha kupima kila wiki 4 hadi nusu ya ujauzito na tena karibu na wiki ya 30. Baada ya kujifungua dozi hurudi ilivyokuwa na kipimo hufanywa baada ya wiki 6 hivi. Vidonge vya madini ya chuma vya kliniki ya wajawazito ndivyo vinavyoiharibu dozi hii mara nyingi. Saa 4 ni saa 4.

Anayetumia T3, homoni nyingine ya thairoidi ambayo kidonge chake huitwa liothaironini, ana mwendo wa saa badala ya wiki. Hupanda damuni ndani ya saa 2 hadi 4, na nusu yake huondoka ndani ya siku moja hivi. Apime mapigo mara mbili: akiamka, na saa 3 baada ya kidonge. Wastani wa siku hauna maana kwake.

Na anayeshusha tezi inayozidisha kazi kwa kabimazoli au methimazoli anatumia daftari lilelile kwa kulisoma kinyume: mapigo yashuke, uzito urudi, mikono itulie. Vipimo ni kila wiki 4 hadi 6 hivi mwanzoni, na T4 na T3 ndizo zinazoongoza, kwa sababu TSH inaweza kubaki chini kwa miezi hata homoni ikiwa imetulia. Akianza kuvimba uso, kusikia baridi na kunenepa haraka, dozi imevuka. Kwake kuna sentensi moja ya kuandika kwa wino mwekundu kwenye jalada: koo likiuma pamoja na homa au vidonda vya mdomoni, simamisha dawa na upimwe chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo. Dawa hizi huweza kuziangusha chembe hizo. Ni nadra, hutokea zaidi miezi 3 ya kwanza, na huua asiyechukuliwa kwa uzito. Macho ya njano na mkojo mweusi navyo havisubiri kesho.

Mambo ambayo daftari halitakiwi kuyasubiri

Maumivu ya kifua, mapigo yasiyolingana yanayodumu, kuzimia, mapigo ya mapumziko yanayobaki juu ya 120: hospitali. Mgonjwa wa upungufu anayesinzia mchana kutwa, mwili umepoa, anaongea kwa kuburuta na anapumua polepole: hospitali, na asiachwe alale "apumzike". Mtu aliyeanza levothairoksini akazidi kudhoofika, anapata kizunguzungu akisimama, anatapika, anatamani chumvi, ngozi inakuwa nyeusi kwenye mikunjo: huenda tezi za juu ya figo zimeshindwa, na homoni ya thairoidi ikitangulia pale kabla ya kotisoli, homoni ya tezi hizo, inaweza kumwangusha. Hilo daktari alijue siku hiyo.

Wapo ambao TSH imekaa vizuri mara 2 mfululizo na nguvu bado ni 4. Hao msiwaambie ni mawazo. Wapimwe damu pungufu na akiba ya chuma, vitamini B12 na sukari. Waulizwe kama wanakoroma na kukatika pumzi usingizini, kama hedhi inakoma, kama huzuni imewalemea. Kupandisha dozi juu ya TSH iliyotulia hakujibu hata moja kati ya hayo.

Ukurasa wa kumpa daktari

Usimpe daftari lote. Karatasi moja: wastani wa mapigo na wa nguvu kwa kila wiki, uzito wa kwanza na wa mwisho, vidonge vilivyosahauliwa, dawa na vitamini vyote unavyomeza na saa zake, na dalili 3 zilizobadilika zaidi. Chini andika swali moja.

Namba zikikaa, kipimo kinachofuata huwa baada ya miezi 4 hadi 6, kisha mara moja kwa mwaka, na daftari linaweza kupumzika. Lifungue tena ukianza rifampisini ya kifua kikuu, fenitoini au kabamazepini za kifafa, au vidonge vya estrojeni, maana zote hizi huongeza hitaji la homoni. Ukipungua au kunenepa sana. Na ukipewa pakiti ya kampuni nyingine. Mwaka 2017 nchini Ufaransa kampuni ya Merck ilibadilisha viambato visivyo dawa katika Levothyrox, levothairoksini yake, laktosi ikatolewa na manitoli na asidi ya sitriki zikaingia, na maelfu ya wagonjwa wakaripoti uchovu, maumivu ya kichwa na nywele kudondoka. Kwa hiyo kila ukifungua pakiti mpya, andika jina la kampuni na tarehe ya siku hiyo kwenye ukingo wa ukurasa. Likibadilika, hesabu wiki 6 hadi 8 kuanzia hapo, kisha omba TSH.